Fremu ya Bakili

Picha ikiingia mtandaoni bila fremu, mtandao unaikata unavyotaka. Unakata paji la uso, unakata miguu, bibi harusi anabaki na shela lake bila bwana. Ndiyo maana watu wanakuja dukani kwetu, hapa Mfaranyaki, Songea, wanasema, "Niwekee fremu." Kazi yenyewe si ngumu. Unafungua picha kwenye kompyuta, unaongeza nafasi pande zote nne, unaijaza rangi, halafu ndani yake unapitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ili picha isimezwe. Upana naupima kwa macho. Chini kulia, ndani ya fremu, naandika jina la duka na namba ya simu ya duka kwa herufi ndogo.

Kitu cha kuangalia ni rangi. Harusi ni nyeupe na uzi wa dhahabu. Mahafali ni bluu. Komunyo ya kwanza ni nyeupe tupu. Na nyeusi ni ya mtu mmoja tu, aliyekufa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini mtu akiona fremu nyeusi kwenye simu yake, mkono unakwenda mdomoni kabla hajasoma jina.

Mwenye duka ni Mama Walburga. Alinichukua nikiwa na miaka kumi na sita, nimeachia shule darasa la tano, ili nifagie na kukata picha za paspoti kwa mkasi. Kompyuta nilijifunza kwa kusimama nyuma ya bega lake. Baadaye tukagawana kazi bila hata kuzungumza: yeye anaongea na wateja, mimi natengeneza. Simu ya duka ikiita naipeleka kwake. Akiwa chooni nasimama nje ya mlango na simu inaendelea kuita mkononi.

"Ida," huwa ananiambia, "hiyo simu haiumi."

Alhamisi moja Mama Walburga alikwenda Maposeni kupiga picha za jubilei ya ndoa, akaniacha peke yangu. Kama saa tano akaingia mwanaume wa makamo, amevaa kanzu na kofia, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Ni hapa mnapoweka picha mtandaoni?"

"Ndiyo baba."

Akatia mkono mfuko wa ndani, akatoa picha ya karatasi iliyofungwa kwenye nailoni. Pichani alikuwa kijana amekaa juu ya pikipiki, anacheka meno yote nje. Mbele yake, juu ya tanki, amekaa mtoto wa kike kama wa miaka sita, ameshika usukani, kichwani ana utepe wa njano.

"Huyu," alisema, akaweka kidole kwa kijana. "Mdogo wangu. Andika Bakili, mtoto wa Bi Zuhura, wa Namasakata, Tunduru. Na namba yangu mimi, Kassimu. Kesho baada ya swala ya Ijumaa tunasoma dua nyumbani kwa mama."

"Ndiyo baba."

"Itawafikia watu wengi?"

"Ndiyo baba."

"Na walio mbali?"

"Hata walio mbali."

Akaifuta picha kwa ukingo wa mkono wa kanzu ingawa haikuwa na vumbi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mimi nikatazama kibodi.

Hakusema marehemu. Sasa nalikumbuka hilo vizuri kuliko kitu chochote alichosema. Lakini kwetu, ukiweka pamoja picha ya mtu, kijiji chake, namba ya ndugu yake na siku ya sala, huo ni msiba, hauhitaji neno jingine. Na kuuliza nilikuwa nimeacha. Mwaka uliopita nilimuuliza mama mmoja, "Alifariki lini?" akakaa chini sakafuni, akalia mpaka watu wakaja kutoka duka la pili, na shemeji yake akaniambia sina adabu. Tangu siku hiyo mtu akija na macho yaliyolowa, naandika anachosema, basi.

Nilimwambia Kassimu asubiri aione ikiwa tayari. Akasema basi la Tunduru linaondoka. Nikamwambia nitamtumia. Akanionesha simu yake, ilikuwa ya vitufe.

"Na wala sina haja ya kuiona," alisema. "Sura yake naijua."

Alipoondoka niliiskani picha. Tangazo lilikuwa la mtu mmoja, kwa hiyo nikaikata kuanzia kifuani kwenda juu. Kikabaki kipande cha kichwa cha yule mtoto, chini kabisa, na utepe. Hakikukaa vizuri. Fremu ikiongezwa kwa nje haigusi picha, lakini ukiivuta kwa ndani inaila. Nikaivuta ya chini kwa ndani kidogo, ikakifunika kile kichwa. Rangi nyeusi, uzi wa kijivu. Nikaandika jina, kijiji, namba, na siku ya dua. Ilitulia. Niseme ukweli, niliipenda, nikaiweka kwenye ukurasa wa duka, nikanywa chai.

Hadi jioni ilikuwa imeshirikishwa na watu zaidi ya mia moja. Innalillahi wainna ilaihi rajiun, waliandika, mmoja chini ya mwingine. Pole Bi Zuhura. Pole Kassimu. Mtu mmoja aliandika, "Jamani, kumbe alikuwa wapi siku zote hizi?" Nikalisoma hilo nalo, nikalipita kama mengine.

Mama Walburga aliporudi aliitazama, akasema, "Imekaa kiheshima."

Jumamosi, kama saa nne na nusu asubuhi, Kassimu akasimama mlangoni. Nikamwamkia, hakuitikia. Alikuwa na kanzu ileile.

"Binti," alisema, "nani kakupa ruhusa ya kumwua mdogo wangu?"

Mama Walburga akatoka nyuma ya kaunta. "Karibu baba, kaa kwanza."

"Sikai."

"Kwani kuna nini?"

"Muulize huyo. Nimefika nyumbani juzi jioni, simu imezima chaji njiani, nakuta wanawake wamefunga kanga, moto umeshawashwa, sufuria kubwa limeazimwa. Mjomba wangu ananishika mkono ananiuliza, maiti inafika saa ngapi? Maiti! Mimi nimekwenda kumtafuta mtu, nimerudi naulizwa maiti! Mama yangu ameiona picha, ameanguka, wamempepea, sasa amelala chini, anasema, Kassimu, kumbe ulikuwa unajua, ukanificha. Jana watu wameacha kumwombea dua arudi, wamemwombea kama maiti. Na mimi nimekaa palepale. Namwambia nani nyamaza?"

"Kwani hajafa?" Mama Walburga aliuliza.

"Amepotea!"

Nikamwambia Mama Walburga, kwa sauti ya chini, kwamba alisema dua.

"Anasema ulisema dua," Mama Walburga akamwambia, kama vile mimi nazungumza lugha ya mbali na yeye ni mkalimani.

"Dua ya kumwomba Mungu amrudishe! Kwani nyinyi mtu akipotea mnafanyaje? Mnakaa tu?"

"Tunamwomba Mtakatifu Antoni," alisema Mama Walburga, na nikaona amejutia maneno yake hapohapo. "Baba, nisamehe. Kosa ni letu. Ida, leta maji."

Nilileta maji kwenye kikombe. Kassimu alikaa mwisho wa benchi, akanywa yote, akakishika kile kikombe muda mrefu. Hasira ilipomtoka alionekana mtu aliyechoka tu. Akatueleza, na alikuwa akimwambia zaidi Mama Walburga, lakini mara mojamoja aliniangalia mimi.

Yule mtoto juu ya pikipiki ni Subira, binti yake wa mwisho. Miaka mitatu iliyopita, siku mbili kabla ya Idi, Bakili alimpakia kwenda mjini Tunduru kununua viatu vya sikukuu. Mvua ilikuwa imenyesha. Wakati wa kurudi waliteleza kwenye kona, na lori lilikuwa linakuja. Bakili alichubuka goti. Mtoto alifia palepale, na viatu vipya vikiwa kwenye boksi.

"Alimbeba mwenyewe mpaka mlangoni kwangu," Kassimu alisema. "Nikampokea mtoto. Sikumwambia kitu. Wallahi, sikumtukana, sikumpiga. Lakini pia sikumwambia kitu. Tulipokwenda kuchimba kaburi nikageuka kumtafuta, hayupo. Hakuzika. Mpaka leo."

"Na wewe unamtafuta," alisema Mama Walburga.

"Mwaka wa kwanza sikumtafuta. Nisikudanganye. Wa pili nilianza kuuliza kwa watu. Mama anazeeka, na mimi sina mdogo mwingine. Nikasikia mtu anasema, siku hizi watu wanapatikana kwa simu." Akakigeuza kikombe. "Sasa nani atamtafuta? Nani anatafuta mtu aliyekwisha kusomewa?"

Nilifungua kompyuta. Nilimwonesha, kwa sababu alikuwa bado hajaiona kwa macho yake kwenye skrini kubwa. Akainama.

"Subira yuko wapi?"

"Nilimkata, baba. Alikuwa anazidi."

Alitazama pale chini, kwenye weusi, kama mtu anayetaka kuona kilicho nyuma ya ukuta.

"Mrudishe," alisema.

Niliifuta ile ya kwanza kwenye ukurasa wetu. Mama Walburga alisema alichopaswa kusema, kwamba kwetu imefutika lakini kwenye simu za watu haifutiki, imeshaingia kwenye makundi ya Tunduru, ya Namtumbo, na Mungu anajua wapi. Nikaiskani upya picha nzima, pikipiki, tanki, mtoto na utepe wake. Safari hii niliongeza nafasi kwa nje ili nisile hata ncha ya kidole.

"Rangi gani, baba?" nikauliza.

"Mtu aliye hai mnamwekea rangi gani?"

"Yoyote nyingine."

Akafikiri. "Kijani."

Niliweka kijani na uzi mweupe. Mama Walburga akaandika yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwamba Bakili anatafutwa na familia yake, kwamba tangazo la kwanza lilikuwa kosa la duka, kwamba tunaomba radhi. Kosa la duka, aliandika. Hakuandika la Ida. Tukaiweka. Baada ya nusu saa ilikuwa imeshirikishwa na watu wanne.

Adhana ya adhuhuri ilipotoka, Kassimu aliuliza msikiti wa karibu uko wapi, akaondoka. Mama Walburga akaingia chumba cha ndani kumpiga picha ya paspoti mtoto mchanga ambaye hakutaka kutazama mbele. Nilimsikia akimwimbia, anapiga makofi, na mama wa mtoto akisema, "Tazama, tazama kwa bibi," na mtoto analia.

Simu ya duka ikaita.

Nilitazama pazia la chumba cha ndani. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amenyamaza, na Mama Walburga akisema, "Hapo hapo, usimsogeze." Simu ikaendelea kuita. Ilikuwa namba nisiyoijua. Nikapokea ili ikome.

"Haloo."

"Hapo ndipo mlipotengeneza picha ya Bakili wa Namasakata?" Ilikuwa sauti ya mwanaume. Nyuma yake ilinguruma mashine ya kupasua mbao.

"Ndiyo."

"Ile yenye fremu nyeusi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Nimeiona kwa mtu hapa kazini. Namba yenu ipo pale pembeni. Nataka kujua kitu kimoja tu, dada. Aliyeileta ni nani? Mama, au mwanaume?"

"Mwanaume. Kaka yake."

Mashine ikanguruma, ikasimama, ikaanza tena.

"Kassimu mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Sawa," alisema. "Sawa. Ni haki yake."

Hapo nikamjua. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwambie nimeiona," alisema. "Mwambie sitamsumbua. Mtu akishazikwa hasumbui watu. Asante, dada."

"Usikate."

"Nini?"

"Usikate, kaka. Hakuagiza nyeusi."

"Dada, mimi nimeiona kwa macho yangu. Na mtoto ametolewa. Ile picha nilipiga na Subira, nakumbuka siku yenyewe. Amemwondoa binti yake ili asikae na mimi. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo."

"Ni mimi nimemkata!"

Nilipiga kelele. Chumba cha ndani wote wakanyamaza, hata mtoto. Mama Walburga akatoa kichwa kwenye pazia, akaniona na simu sikioni, akabaki hivyohivyo na kamera shingoni.

Nikaanza kuongea. Sikujua nitasema nini, nilijua tu kwamba nikinyamaza atakata, na akikata namba ile haitapokelewa tena. Nikamwambia naitwa Ida. Nikamwambia mimi ndiye ninayetengeneza fremu, na kaka yake alipokuja niliona macho yamelowa na nikasikia dua, nikadhani msiba, na sikuuliza kwa sababu siulizi watu, sijazoea. Nikamwambia mtoto alizidi kwa chini, kikabaki kichwa na utepe, nikakifunika kwa sababu hakikukaa vizuri, na Kassimu hakuiona picha ilipokuwa tayari kwa sababu simu yake ni ya vitufe na basi lilikuwa linaondoka.

"Amekutuma useme hivyo," alisema.

"Hajui hata kama umepiga. Ameenda msikitini."

"Ameenda msikiti gani?" Sauti ikabadilika. "Yuko hapo? Yuko Songea?"

Niliona nimekosea. Nikaogopa kwamba sasa ndiyo atakata. Lakini hakuna kitu kingine nilichokuwa nacho isipokuwa kilichotokea, nikaendelea na hicho.

"Amekuja asubuhi kwa basi. Amekuja kunigombeza."

"Kassimu? Kassimu anagombeza?"

"Sana."

"Alisemaje?"

"Aliuliza nani kanipa ruhusa ya kumwua mdogo wake."

Nikasikia anahama, mashine ikawa mbali, kukawa na upepo. Mama Walburga akasogea taratibu, akasimama mlangoni kwa nje, anatazama njia ya msikitini.

"Ida," yule mtu alisema. Lilikuwa jambo la ajabu kusikia jina langu mdomoni kwake. "Mama yangu yupo?"

"Yupo. Alianguka alipoona picha. Wamempepea, ameamka."

"Kwa hiyo karibu nimwue na yeye."

"Si wewe. Nimeshakwambia ni mimi."

"Unapenda sana kubeba, wewe."

"Hiki ni cha kwangu," nilisema.

Nadhani alicheka, au alivuta pumzi tu. Halafu akasema salio la huyo aliyemwazima simu linaisha. Nikamwambia tutapiga sisi. Akasema hapana, msipige, simu si yake. Nikaona maneno yananiishia. Nikamwambia jambo la mwisho nililolijua, kwamba ile picha ya karatasi Kassimu anaiweka mfuko wa ndani, imefungwa kwenye nailoni, nzima, na mtoto wake na yeye wakiwa pamoja juu ya pikipiki. Kwamba aliniambia nimrudishe mtoto mahali pake, na nimemrudisha.

"Yeye alisema umrudishe? Hapo nilipo mimi?"

"Yeye."

Mama Walburga akaingia mbio. Kassimu alikuwa nyuma yake, mikono ya kanzu imekunjwa, kofia mkononi, hajui anaharakishwa kwa nini. Nikasimama, nikamnyooshea simu.

Akaipokea. "Haloo?"

Akasikiliza. Mkono mmoja ukatafuta kaunta, ukaishika.

Alizungumza Kiyao, na mimi sijui Kiyao. Mwanzoni alitamka neno moja tu, na akalirudia, kama mtu anayebisha hodi. Halafu akasikiliza muda mrefu. Halafu akaongea haraka, kwa ukali, mkono ukipiga kaunta, nikafikiri, basi, sasa ndiyo wanayasema yale ambayo hayakusemwa mlangoni. Nilisikia jina la Subira. Nikalisikia tena. Mama wa mtoto mchanga alikuwa ametoka chumba cha ndani na mwanawe begani, naye akasimama, hakuna aliyemwambia asimame. Machozi ya Kassimu yalikuwa yanashuka kwenye ndevu na hakuyafuta, aliyaacha tu yashuke akiwa anaendelea kugomba.

Kisha akaitoa simu sikioni, akaitazama.

"Imekatika," alisema.

"Salio," nilisema. "Ameazima."

"Anakuja?" aliuliza Mama Walburga.

Kassimu alikaa kwenye benchi, mwisho uleule. Akaivaa kofia, akaivua, akaiweka gotini.

"Hakusema anakuja. Amesema kwamba hawezi kupita mlango ule. Nikamwambia mlango ule nimeshaubadilisha, ulioza. Ni uongo, mlango ni uleule." Akatikisa kichwa. "Kisha akaniuliza Subira tumemlaza wapi. Miaka mitatu anafikiria hilo, ndilo aliloniuliza. Ni upande gani, ni karibu na nani, nimweleze."

"Ukamweleza?"

"Nimekataa," alisema Kassimu. "Nimemwambia sitakuelekeza kaburi la mwanangu kwa simu. Njoo nikuoneshe."